Wazee Wawili na Daraja la Magogo

Majuma yanayofuata Pasaka ni majuma ya mvua katika nchi ya Wanyakyusa. Mkulima wa Dodoma au wa Shinyanga akiona wingu hulikaribisha kwa furaha. Mkulima wa Rungwe hulitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekwisha kukaa siku nyingi. Wilaya hiyo ni miongoni mwa mahali panaponyesha mno katika Tanzania nzima. Katika sehemu zake nyingi mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, na Aprili ndio mwezi wake mkuu. Mvua hiyo ndiyo inayolisha migomba, chai, kahawa na miparachichi, na watu wake humshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini mvua iyo hiyo huangusha migomba usiku, huziba barabara kwa matope, na kukigeuza kijito cha kurukwa na watoto kuwa mto wa kuwatisha watu wazima.

Mwaka 2024 mvua zilizidi kipimo katika nchi yetu yote. Tarehe 25 Aprili mwaka huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliarifu Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekwisha kupoteza maisha yao kwa mafuriko na maporomoko. Ni katika mwezi huo huo wazee wawili, mume na mke, walipokwenda Masukulu, katika Wilaya ya Rungwe, kufanya utume wa juma moja. Habari yao yastahili kusimuliwa, maana ndani yake yamo mambo ya kututia moyo, na limo pia jambo la kutuaibisha.

Wazee hao wametuomba tusiyaandike majina yao, nasi twawatii. Mume ni mwalimu mstaafu aliyekwisha kupita miaka 70; mkewe ni mkulima, naye amemfuata kwa karibu. Wameishi katika ndoa kwa miaka ipatayo 50. Walimwendea Paroko wao wakamwambia: “Padre, watoto wetu wamekwisha kujitegemea, na shamba letu si kubwa. Tupe juma moja, tukawatembelee wagonjwa, wazee, na wale walioacha kusali.” Paroko akafurahi, akawapangia jumuiya tatu ndogo za Masukulu.

Watoto wao walipopata habari hawakufurahi. Mmoja alipiga simu kutoka mjini akasema, “Baba, mvua hii yote mwakwenda wapi? Subirini kiangazi.” Mama ndiye aliyejibu: “Mwanangu, wagonjwa hawasubiri kiangazi.”

Basi Dominika ya tatu ya Pasaka, tarehe 14 Aprili, walihudhuria Misa pamoja na wenzao. Injili ya siku ile ilianza na wale wanafunzi wawili waliorudi kutoka Emau, wakawaeleza wenzao mambo yaliyowapata njiani. Baada ya Misa Paroko akawabariki wazee wetu mbele ya waamini, wakaondoka kwa miguu, kila mmoja na fimbo yake, wamejifunika nailoni, rozari mfukoni.

Siku ya Jumatatu waliamkia nyumbani kwa mwanamke kijana aliyejifungua karibuni, naye alikuwa mgonjwa. Mzee akabaki barazani. Si kwa kiburi, wala si kwa kuogopa ugonjwa. Desturi ya kale ya Unyakyusa ilimkataza mke wa kijana asikutane uso kwa uso na baba mkwe wake, na heshima hiyo ilienea hata kwa ndugu za baba mkwe huyo. Mzee wetu, kwa ukoo, alihesabiwa miongoni mwao. Siku hizi wengi hawaishiki tena desturi hiyo kwa ukali wa zamani, lakini mwungwana huona haya kuivunja katika nyumba ya watu. Mama akaingia peke yake. Akakaa kitandani kwa mgonjwa, akampokea mtoto, akasikiliza. Mle ndani yalisemwa maneno ambayo mwanamke yule hakupata kumwambia Padre wala Katekista. Nje, mzee aliongea na mume wa nyumba juu ya ndoa yao, ambayo ilikuwa haijabarikiwa kwa sababu ng'ombe wa mahari hawajatimia. Walipoondoka, kila mmoja alikuwa amebeba nusu ya habari. Njiani waliziunganisha nusu hizo mbili, wakafahamu la kufanya. Kabla ya juma kwisha walikuwa wamekwisha kuwaona wazee wa pande zote mbili, nao wakakubali kwamba ng'ombe waliobaki wasiwazuie tena vijana wale kumkaribia Bwana.

Siku ya Jumanne upepo wa usiku ulilaza migomba ya mjane mmoja. Wazee wetu walikuwa wamekwenda kwake kusali, wakakuta hapana nafasi ya kusali kwanza. Mzee akakata miti ya kuegemezea migomba iliyosalia, mkewe akakusanya mikungu iliyoanguka kabla haijaoza. Rozari waliisali jioni, mikono ikingali na utomvu. Kwa kuwa mvua ilikuwa bado yanyesha, walilala katika nyumba ya jirani, Mkristu wa Kanisa la Moravian. Wamoravian na Walutheri walianza kazi yao katika nchi hiyo mwaka 1891, na hata leo ndio wengi kuliko sisi katika vijiji vingi. Mwenye nyumba aliwapa moto, uji na kitanda chake mwenyewe. Kabla ya kulala walisali pamoja ile sala ambayo Bwana wetu aliwafundisha wanafunzi wake wote.

Sasa twafika siku ya Jumatano. Ng'ambo ya mto mmoja aliishi bibi kizee, mgonjwa wa siku nyingi, aliyekuwa ameomba kupokea Sakramenti. Paroko aliahidi kuja siku hiyo, na wazee wetu wampeleke. Gari lake likashindwa na matope, naye akaliacha, akatembea kwa miguu hata akawafikia. Wakashuka wote watatu mpaka mtoni. Hapakuwa na daraja. Lile la magogo lilikuwa limechukuliwa na maji tangu mwezi wa Januari, na mto ulikuwa umejaa, rangi ya udongo, ukivuta miti mizima.

Ng'ambo alisimama mjukuu wa bibi yule, kijana mdogo, amekuja kuwapokea. Wakapaaza sauti, lakini mlio wa maji uliyameza maneno. Mzee alitaka kujaribu kuvuka kwa fimbo. Mkewe akamshika mkono, asimwachie. Padre naye akakataa, akasema kwamba hapendi kuzika watu watatu kwa ajili ya mmoja. Wakapiga magoti katika matope, wakasali Rozari, na Padre akainua mkono akaibariki nyumba asiyoiona. Kijana akavua kofia yake, akapiga ishara ya msalaba, akarudi nyumbani.

Siku ya Alhamisi mto haukupungua. Usiku wa siku hiyo bibi kizee akafariki dunia.

Siku ya Ijumaa maji yalipopungua, wazee wetu walivuka wakisaidiwa na vijana wawili na kamba. Walimkuta mume wa marehemu, mzee mwenzao, ameketi penye moto. Hakuwalaumu. Aliwaambia hivi: “Mjukuu alipomwambia kwamba Padre yupo ng'ambo, alifungua macho akauliza: Yupo kweli? Akajibiwa: Yupo. Akasema: Basi, amekuja. Hakusema neno jingine kubwa baada ya hilo.” Mama akaingia kukaa na wanawake wa msiba, mzee akakaa barazani na mfiwa mpaka usiku, bila maneno mengi.

Wasomaji wapenzi, wako watakaouliza kama safari ya Jumatano ilikuwa bure. La, haikuwa bure. Kanisa lafundisha kwamba Mungu ametupa Sakramenti ziwe njia ya wokovu wetu, lakini Yeye mwenyewe hafungwi nazo. Mtu anayezitamani kwa moyo wa toba, naye akazuiliwa na jambo asiloliweza, Mungu hamwachi gizani. Bibi yule alijua kwamba Kanisa lilikuja mpaka ukingo wa mto kumtafuta. Twaiweka roho yake mikononi mwa Mungu kwa matumaini.

Lakini tusiikimbilie faraja hiyo kabla hatujajiuliza swali jingine: Kwa nini daraja halikuwapo?

Jibu lake ni la aibu. Daraja lile lilihitaji magogo sita na kazi ya nusu siku. Jumuiya tatu hulitumia. Ya kwanza ilisema, “Wanaovuka zaidi ni wale wa ng'ambo, wao ndio wajenge.” Ya pili ikasema, “Safari iliyopita tulijenga sisi, hatukupewa hata asante.” Ya tatu ilingoja serikali ya kijiji. Januari ikapita, Februari ikapita, Kwaresima nzima ikapita, tukafunga na kutoa sadaka na kufuata Njia ya Msalaba, na magogo sita hayakupatikana. Vijana wenye nguvu walikuwapo. Miti ilikuwapo. Waliokuja kusimama penye ukingo katika mvua ni wazee wawili na Padre mmoja.

Twasema “tukafunga”, hatusemi “wakafunga”, maana jambo hili si la Masukulu peke yake. Kila parokia ina daraja lake lililovunjika, na kila mmoja wetu ana sababu nzuri ya kumngojea mwenzake.

Baada ya mazishi, mzee wetu aliwaomba wakubwa wa jumuiya tatu wasiondoke. Aliwakumbusha desturi ya babu zao. Monica Wilson, mtaalamu aliyeishi Rungwe pamoja na mume wake Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika kwamba Wanyakyusa wa zamani waliamini hasira iliyofichwa moyoni huleta ugonjwa na balaa juu ya jamaa. Kwa hiyo, kabla ya sala na kafara zao, ndugu walipaswa kuitoa hasira yao kwa kinywa, mbele ya wote, ndipo wapatane. Babu zetu hawakuwa wamebatizwa, lakini waliijua sehemu hii ya kweli, ambayo Bwana wetu aliikamilisha alipotuagiza kuiacha sadaka yetu mbele ya altare na kwenda kwanza kupatana na ndugu. Mzee akasema, “Leo kila mtu aitoe hasira yake ya daraja hapa hapa.” Wakaitoa. Maneno mengine yalikuwa machungu, na mengine yalikuwa ya miaka mingi kuliko daraja lenyewe. Mama naye aliwasikiliza akina mama upande wao. Siku ya Jumamosi asubuhi, mvua ikinyesha, watu wa jumuiya zote tatu, na yule jirani Mmoravian pamoja na wanawe, wakakata magogo na kuyalaza juu ya mto. Kazi ikaisha kabla ya saa sita mchana. Wa kwanza kuvuka alikuwa mjane mume wa marehemu. Alifika katikati, akasimama kidogo akitazama maji, kisha akaendelea.

Dominika wazee wetu wakarudi nyumbani. Mzee alikuwa na mafua, na Mama goti lilimwuma. Ndivyo lilivyokwisha juma lao.

Tujifunze nini, basi?

La kwanza, ndoa ni utume. Bwana wetu aliwatuma wanafunzi wawili wawili, na katika siku za Mitume twamwona Akwila na mkewe Priska, mafundi wa hema, waliofukuzwa Roma kwa amri ya Kaisari Klaudio. Nyumba yao ilimpokea Paulo Korintho. Wao ndio waliomchukua Apolo, mhubiri hodari, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Na waamini walikusanyika nyumbani mwao kusali. Paulo akiwataja huwataja pamoja, mume na mke. Katika nyakati zetu, Baba Mtakatifu Fransisko aliwaandika Louis na Zélie Martin, wazazi wa Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, katika orodha ya Watakatifu siku moja, tarehe 18 Oktoba 2015. Kule Masukulu tumeona sababu: panapo baraza na chumba cha ndani, mmoja hawezi kukaa pote pawili.

Na nchi yetu ina kielelezo chake. Adrian Atiman alizaliwa Afrika ya Magharibi, akatekwa utotoni akauzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa uganga huko Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akiwa katekista na mganga. Akamwoa Agnes, binti wa nchi ile, na mtoto wao Yosefu akawa Padre. Atiman alikaa Karema akitibu na kufundisha mpaka alipokufa mwaka 1956. Alikuwa na ruhusa zote za kupumzika uzeeni, kama mtu ye yote, lakini alizeeka katika kazi ile ile aliyoianza ujanani. Mtu aliyeletwa mbali hivyo alipata kwao hapo alipowatumikia watu.

La pili, uzee si mabaki ya maisha. Simeoni na Anna walikuwa wazee walipompokea Mtoto Hekaluni, na Injili yamtaja Anna kuwa mjane wa miaka 84. Mwaka 2021 Baba Mtakatifu Fransisko aliiweka Siku ya Mababu na Wazee Duniani kila Dominika ya nne ya Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna. Mwaka huo huo, tarehe 10 Mei, aliuweka utumishi wa Katekista kuwa huduma rasmi ya walei katika Kanisa. Haya hayakuwekwa ili tupige picha na babu zetu siku moja na kuwasahau siku zinazosalia. Mzee anayo mambo ambayo kijana hawezi kuyanunua: muda, subira, na haki ya kusema neno gumu lisikilizwe. Nani mwingine angewaambia watu wazima wa jumuiya tatu watoe hasira zao, nao wakatii?

La tatu, na hili twawaambia hasa vijana na wazazi walio katika nguvu zao: tusiufanye utakatifu wa wazee kuwa kisingizio cha uvivu wetu. Ni rahisi kuwasifu wazee wawili waliotembea katika mvua. Sifa haina matope. Wale watoto waliopiga simu walikuwa na upendo wa kweli, lakini upendo huo ungekuwa mkamilifu zaidi kama mmoja wao angekuja kubeba mzigo. Wazee wana hekima ya kupatanisha. Magogo wanahitaji mtu wa kuyabeba.

La nne, ujasiri si ukaidi. Mama aliyemshika mumewe mkono penye mto alifanya utume ule ule aliofanya alipoondoka nyumbani. Mungu hakutuagiza kumjaribu. Katika mwaka ule wa maji mengi, nyumba nyingi zililia kwa sababu mtu mmoja alidhani aujua mto. Kwenda ni imani, na kusimama ukingoni, ukakiri kwamba huwezi, nako ni imani.

Wasomaji wetu wapenzi, mwaka 1932 Kiti Kitakatifu kiliunda eneo la kimisioni lililoitwa kwa jina la Tukuyu. Kutoka mwanzo huo mdogo Mbeya ikawa jimbo mwaka 1953, na mwaka 2018 ikawa Jimbo Kuu. Mapadre wa kwanza na makatekista wao walizitembea njia hizo hizo zenye utelezi. Kanisa lilikua kwa sababu wapo watu waliokwenda wakati wa mvua, na wapo waliowatengenezea njia. Siku hizi gari na simu zimetusaidia sana, lakini nyumba ya mwisho ya kijiji bado hufikiwa kwa miguu.

Basi twawaomba mambo mawili madogo. Katika jumuiya yenu watafuteni mume na mke wazee, hata kama hawasomi vizuri, muwaombe wawatembelee wagonjwa. Msiseme wamechoka kabla hamjawauliza. Kisha waulizeni waliporudi: njiani mmekuta nini kilichovunjika? Watakalowaambia, lifanyeni juma hilo hilo, kabla mvua nyingine haijanyesha.

Tumwombe Mungu ampumzishe kwa amani yule bibi kizee wa ng'ambo, na atujalie sisi sote, siku yetu itakapofika, tuambiwe kwamba aliyetumwa kwetu yupo, na kwamba njia ya kumfikisha kwetu ipo.